Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: gemu za kukimbia na kupigilia pamba jukwaani

Maswali kuhusu hizi gemu za simu za kuokota nguo njiani ni yale yale kila siku, mbona nimeshindwa wakati nimevaa vizuri, haya matangazo yataisha lini, mtoto kabonyeza nini hapa. Nimeyakusanya yote sehemu moja, majibu mengine marefu mengine mstari mmoja, inategemea swali lenyewe lina nyama kiasi gani.

Hii gemu inachezwaje, mbona naona tu dada anatembea?

Ndo hivyo hivyo, anatembea mwenyewe. Kazi yako ni kumpeleka kushoto na kulia basi, hamna kitufe cha kukimbia wala cha kuruka. Anaanza kavaa fulana na malapa, mbele kuna nguo zinaelea hewani, viatu, wigi, mikoba, miwani, kila akipita juu ya kitu kinamrukia mwilini. Katikati ya njia kuna mageti mawili mawili unachagua moja, mwisho wa njia kuna jukwaa lenyewe, taa zinamulika, majaji wananyanyua vibao vya alama. Leveli moja mara nyingi haifiki dakika, ndo maana unasema nacheza moja tu nilale, ukija kushtuka ushacheza 25.

Zote ni gemu moja au ziko aina tofauti?

Ziko nyingi na zinaigana vibaya mno. Lakini ukizipanga utaona kuna kama familia tatu. Ya kwanza ni za kurundika, mfano mzuri ni High Heels! ya Rollic, kampuni ya Uturuki ambayo Zynga, kampuni ya gemu ya Marekani, walinunua sehemu yake kubwa mwaka 2020. Humo unaokota visigino vinapandana chini ya mguu mpaka dada anakuwa mrefu kama nguzo ya umeme. Familia ya pili ni za thimu, kama Catwalk Beauty ya CrazyLabs, unaambiwa vaa kitu cha aina fulani na pembeni yako kuna mpinzani anavaa pia. Ya tatu ni zile za kumbadilisha mtu, unamkuta dada hajachana nywele, analia, unampitisha kwenye mageti ya sabuni na vipodozi mpaka anatoka mwingine kabisa. Hii ya tatu nina neno nayo, nitalisema huko chini.

Ina tofauti gani na Subway Surfers au Temple Run?

Zile za zamani, Temple Run ya 2011 na Subway Surfers ya 2012, hazina mwisho. Unakimbia mpaka ugonge kitu, spidi inapanda, na alama yako ni umbali uliofika. Hizi za jukwaani zina mwanzo na mwisho, spidi karibu ni ile ile, na ni ngumu kweli kufa. Kinachoamua siyo wepesi wa mkono sana, ni ulichovaa ukifika mwisho. Mtu aliyezoea Subway Surfers anakuja na haraka zake anachemsha leveli tatu za kwanza, halafu anasema gemu mbovu.

Natelezesha kidole lakini dada anaenda anakotaka yeye

Hapa wengi wanakosea kwa sababu wanaswaipu, yaani wanapiga kidole fyat kulia halafu wanakiinua. Hiyo ni ya gemu za leni tatu, yaani njia tatu za kurukia kama Subway Surfers, huku hamna leni. Huku kidole kinakaa kwenye skrini muda wote na unakiburuza, ukisogeza kidogo anasogea kidogo, ukisogeza sana anasogea sana, ukikiinua anaendelea kunyooka pale pale alipo. Halafu gemu nyingi hazijali kidole kiko wapi, zinajali kimesogea kiasi gani tangu ulipogusa. Kwa hiyo huna sababu ya kukiweka juu ya dada mwenyewe ukamziba. Weka gumba chini kabisa ya skrini, katikati, hapo utaona njia yote mbele na una nafasi ya kwenda pande zote mbili. Mtu anayeanzia pembeni kulia anafika ukingoni mwa simu wakati bado anahitaji kwenda kulia zaidi, ndo hapo anasema simu inazingua.

Na macho yasikae kwa dada. Yaweke kwenye geti linalokuja, dada utamuona tu kwa chini. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuacha kumtazama yeye maana amependeza, sasa utafanyaje.

Nimeokota kila kitu, nimependeza hatari, mbona majaji wamenipa mbili?

Hili ndo swali namba moja na jibu lake ndo gemu yenyewe. Majaji hawaangalii umependeza kiasi gani, wanaangalia thimu. Kila nguo kwenye gemu ina lebo usiyoiona imeandikwa ufukweni, au ofisini, au harusi, au usiku, au michezo, na mwisho kompyuta inahesabu tu, zilizoendana na thimu zinaongeza, zisizoendana ama hazina kitu ama zinakukata. Sasa watengenezaji ni wajanja, kile kitu kisichotakiwa ndo wanakifanya king'ae. Leveli moja ilikuwa ya ufukweni, kushoto kuna kofia ya jua, ya kawaida kabisa imepauka, kulia kuna koti la manyoya linazunguka na vinyota vinadondoka. Nikaenda kwa koti, nani asingeenda? Nikavuta na mabuti marefu ya kuendana nalo, nikafika jukwaani niko kama naenda kupanda mlima wa barafu na nyuma yangu pamechorwa minazi. Mpinzani kavaa kofia ile na kandambili, akapata tisa tisa.

Kwa hiyo soma thimu kabla hujagusa skrini. Gemu nyingi dada haanzi kutembea mpaka uguse, tumia hizo sekunde. Inaandikwa juu, au inakuwa kapicha kadogo pembeni, na ukikosa hapo wakati mwingine hairudi tena. Na usiokote kwa kuokota tu, kwenye gemu nyingi sehemu moja ya mwili inabeba kitu kimoja, kwa hiyo ukiwa na viatu sahihi ukapita juu ya viatu vingine, vile vya kwanza vimeondoka. Mara nyingi sekunde za mwisho kabla ya jukwaa unatakiwa usiguse chochote, wanarundika vitu hapo makusudi wakuvuruge, pita katikati patupu kama mtu anayekwepa madimbwi.

Mageti nayo yana ujanja wake. Geti lenye namba kubwa siyo lazima liwe bora, angalia lina nini nyuma yake, unaweza kupata nyongeza ya kumi halafu mita mbili mbele kuna matope upande huo huo yanakata kumi na tano.

Kwenye zile za viatu virefu, niokote visigino vyote?

Humo ndiyo, okota, huko hamna thimu ya kukusumbua. Visigino ni kama uhai. Kuna kuta mbele, ukuta wa urefu wa visigino vitatu unakukata vitatu, ukiwa navyo vitano unavuka na viwili vinabaki, ukiwa navyo viwili umeanguka. Kwa hiyo hesabu kabla ya ukuta, na kama kuna sehemu ukuta ni mfupi pita hapo, sijui kwanini watu wanapenda kuvamia ukuta mrefu wakati mfupi uko pembeni. Kwenye zile reli mbili dada anapanua miguu anateleza, hapo jambo la msingi ni kuingia katikati, ukiingia upande anadondoka. Mwisho kuna ngazi na kila ngazi inakula kisigino kimoja, ngazi ya juu ndo inazidisha koini zaidi, ndo maana visigino vya ziada siyo urembo.

Watu wanacheka wanasema nani anavaa viatu virefu hivyo, jamani wapo. Mwaka 1993 mwanamitindo Naomi Campbell alianguka jukwaani Paris kwenye onyesho la mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood, kavaa viatu vya soli nene na visigino virefu kupita kiasi, akakaa pale chini anacheka, akainuka akaendelea. Picha ikazunguka dunia nzima. Kwa hiyo ile ya dada kudondoka kwenye reli usiione ni katuni tu.

Huyu mpinzani ni mtu kweli? Ana jina na bendera kabisa

Siyo mtu. Washa flaiti modi, zima wai-fai, fungua gemu ucheze leveli. Atatokea mpinzani ana jina, ana bendera, na anakosea kama binadamu, sasa huyo amepitia wapi na simu yako haina mtandao? Ni kompyuta imechukua jina kwenye orodha. Nyingine zimepangwa ushinde leveli za mwanzo ili upate raha, baadaye ndo zinaanza kukubana. Najua kuna watu wameumia kusikia hivi, kuna mmoja alikuwa na hasira na mpinzani wake wa muda mrefu kabisa.

Matangazo yamezidi, nifanyeje?

Tuelewane kwanza, gemu ni ya bure kwa sababu wewe ukiangalia tangazo mtengenezaji analipwa. Hii ndo biashara yenyewe, nguo ni chambo. Matangazo yako ya aina tatu. Kuna la ukanda chini ya skrini, halisumbui sana isipokuwa pale gumba linapoligusa kwa bahati mbaya. Kuna la kuzuka lenyewe leveli ikiisha, hili ndo linalokera. Halafu kuna la hiari, unabonyeza mwenyewe ili uzidishiwe koini au upewe gauni. Hili la tatu ukilitumia kwa akili linafaa, usiliangalie kwa ajili ya koini 50 ambazo utazipata leveli inayofuata, liangalie linapokupa kitu ambacho hakiuzwi kwa koini.

Ile ya flaiti modi inafanya kazi kwenye gemu nyingi, matangazo hayana pa kutokea. Ila ya hiari nayo yanaondoka, na kuna gemu zimeshajua huu mchezo zinagoma kufunguka bila mtandao.

Kitu kingine ni ile alama ya kufunga. Subiri. Mara nyingi inatokea baada ya sekunde kadhaa, kadogo kama punje ya mchele pembeni juu, na kabla yake kuna mshale unaofanana nayo ambao ukibonyeza unapelekwa kwenye duka la programu. Ukishapelekwa huko usipaniki, rudi nyuma, hujadaunilodi chochote mpaka ubonyeze kupakua mwenyewe.

Na kama umeamua kulipia kuondoa matangazo, soma kilichoandikwa pale kabla. Kwa kawaida unaondolewa lile la ukanda na lile la kuzuka, yale ya hiari yanabaki. Watu wanalipa halafu wanaona kitufe cha tangazo bado kipo wanasema wametapeliwa. Hawajatapeliwa, ila maandishi yenyewe kweli huwa madogo.

Tangazo niliona mtu anaokoa dada kwenye mafuriko, nimepakua nimekuta kutembea tu

Karibu kwenye chama. Hii imekuwa tabia ya gemu za simu kwa ujumla, tangazo linaonyesha kitu, gemu ni kitu kingine. Septemba 2020 mamlaka ya matangazo ya Uingereza, ASA, ilipiga marufuku matangazo mawili ya gemu za simu Homescapes na Gardenscapes kwa sababu yalionyesha mchezo usiofanana na kile mtu anachokuta ndani. Lakini mpaka leo bado yanatoka ya namna hiyo. Halafu kuna yale ambapo anayecheza anakosea makusudi, geti sahihi liko wazi kabisa yeye anaenda kwenye matope, hayo yametengenezwa uudhike useme hebu mimi nionyeshe. Mimi nilidaunilodi kwa kuudhika hivyo hivyo.

Angalia picha na video zilizoko dukani kwenyewe na usome maoni yenye nyota tatu. Ya nyota tano hayana habari, ya nyota moja yana hasira.

Nililipia kuondoa matangazo, nimebadili simu yamerudi

Ingia kwenye setingi za gemu utafute kitufe cha kurejesha manunuzi. Hakikisha tu umeingia na akaunti ile ile uliyolipia. Ukitoka Android kwenda iPhone hapo hamna namna, ni maduka mawili tofauti.

Mtoto amenunua almasi za ndani ya gemu, naweza kurudishiwa hela?

Mara nyingi inawezekana lakini wahi. Kwenye Google Play omba ndani ya saa 48, ukichelewa watakuambia wasiliana na mtengenezaji, na baadhi yao ni kama kuongea na ukuta. Kwa Apple kuna ukurasa wao wa kuripoti tatizo la manunuzi, unachagua ulichonunua unaeleza sababu. Eleza ukweli tu kwamba ni mtoto, wamelizoea. Mwaka 2014 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilibana Apple mpaka wakakubali kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya apu bila ruhusa, na mwaka huo huo Google nao wakakubali angalau dola milioni 19. Kwa hiyo wala usione aibu, siyo wewe peke yako.

Baada ya hapo weka nenosiri kwa kila ununuzi. Google Play iko kwenye setingi zake, iPhone kuna ile ya familia ambapo mtoto akitaka kununua ombi linakuja kwenye simu yako kwanza.

Inaganda, simu inachemka, chaji inakwisha

Funga apu nyingine, punguza mwanga wa skrini, zima mtetemo kwenye setingi za gemu maana kila koini moja simu inatetemeka. Kinachochemsha simu mara nyingi ni zile video za matangazo zinazopakuliwa nyuma huku unacheza, na hizo hizo ndo zinakula bando. Ikiganda kwenye leveli moja kila ukifika pale pale, hilo ni bagi lao, yaani kosa la programu yenyewe, angalia kama kuna apdeti. Kama haipo, wakati mwingine kupita leveli hiyo ukiwa flaiti modi inakubali.

Nikifuta gemu na kuirudisha nitaanzia nilipokuwa?

Usiamini hilo. Nyingi zinahifadhi kila kitu ndani ya simu yenyewe, ukifuta umefuta na kabati lako lote la nguo. Mimi nilikuwa na leveli 212, mabawa ya dhahabu, wigi la bluu ambalo lilinichukua wiki nzima, simu ikasema nafasi imejaa, nikaenda kwenye setingi nikabonyeza futa data badala ya futa kache, yaani mafaili ya muda tu. Nikafungua gemu, dada huyo hapo, fulana na malapa. Kache ifute tu haina neno, data usiguse. Kama gemu ina sehemu ya kuunganisha na akaunti, unganisha leo usingoje kesho.

Ile gemu iliyochakachuliwa iwe na pesa zisizoisha, inayopatikana nje ya duka la programu, niichukue?

Hapana. Hujui walioifungua na kuifunga tena wameweka nini ndani, na gemu yenyewe ukiwa na kila kitu siku ya kwanza siku ya pili unaifuta.

Inafaa kwa mtoto wa kike mdogo?

Za viatu na za thimu sioni tatizo, ni rangi na kucheka, kwa mtoto ninachoogopa zaidi ni matangazo, maana linaweza kuzuka tangazo la gemu ya kamari katikati ya magauni. Ndo maana kwa watoto flaiti modi ni rafiki.

Za kumbadilisha mtu ndo zile nilizosema nina neno nazo. Angalia geti linavyopangwa, upande mmoja unaandikwa mbaya na mwingine mzuri, halafu huyo wa upande mbaya ni mnene, au ana chunusi, au ana nywele za asili, na akifika mwisho hivyo majaji wanaziba pua. Mtoto wa miaka saba akicheza hiyo leveli 100 anajifunza kitu na siyo mitindo. Mdogo wangu aliwahi kuniuliza mbona huyu wa mwanzo naye si yuko sawa tu, sikuwa na jibu, nikaifuta. Kaa naye ucheze leveli tano kabla hujamwachia simu.

Inaniuliza iruhusiwe kunifuatilia, nikikataa itaacha kufanya kazi?

Haitaacha. Kwenye iPhone swali hilo linatokea tangu mfumo wa iOS 14.5 wa Aprili 2021 na Apple hawaruhusu gemu ikunyime kucheza kisa umekataa. Matangazo yatabaki mengi vile vile, ila hayatakujua sana.

Hivi leveli zinaisha?

Namba haziishi, leveli zenyewe zinaisha. Wanatengeneza idadi fulani, ukizimaliza gemu inazichanganya na kuzirudisha, inabadilisha rangi ya jukwaa na nguo za mpinzani. Utajua umefika hapo ukianza kukumbuka kuta zilipo kabla hazijatokea. Mimi baada ya kuanza upya niko 340 na kitu, na juzi nimekutana tena na ile ya ufukweni, kofia kushoto, koti la manyoya kulia linazunguka na vinyota vyake. Nikapita kwenye kofia. Halafu nikasahau viatu, nikafika mwisho na mabuti.